Mzigo wa Mkononi

1

Saa nane na dakika kumi na mbili mchana Rubani aliipa Ruhuhu boti ya uokoaji, na mimi nikasema, "Sawa."

Hiyo ndiyo kazi yangu. Rubani anaamua, mimi nasema sawa, na kinasa sauti kinahifadhi kwamba binadamu alikuwapo. Huu ni mwaka wa tisa tangu manahodha washushwe melini. Vivuko vyote vya upande wetu wa Ziwa Nyasa vinajiendesha, na Rubani anayeviendesha tumezoea kumtaja kama mtu, ingawa ni mashine zilizopangwa kwenye chumba chenye baridi nyuma ya choo cha ofisi. Ndani ya kivuko amebaki mhudumu mmoja tu, wa kufunga kamba na kukagua tiketi.

Upepo wa mwera ulikuwa umeanza saa saba na nusu, ghafla kama kawaida yake. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ukutani vivuko viwili vilikuwa vimegeuka vyekundu. Kaskazini ilikuwa Ruhuhu, inatoka Manda na wachimbaji wa makaa ya mawe wanaokuja kupokea zamu. Wimbi lilikuwa limeupinda mlango wa magari na maji yalikuwa yanaingia. Kusini ilikuwa Mbasa, inatoka Chiwindi. Pangaboi lake lilikuwa limenasa wavu uliotupwa, injini imezimika, na upepo ulikuwa unaisukuma kwenye miamba. Katikati tulikuwa sisi, Mbamba Bay, na boti moja ya uokoaji iitwayo Kiboko. Dakika ishirini na tano kufika huku, dakika ishirini na tano kufika kule.

Rubani alikuwa ameshaandika chini ya picha:

Ruhuhu: abiria 68. Kupinduka baada ya dakika 40 hadi 50.
Mbasa: abiria 61. Kugonga mwamba baada ya dakika 45 hadi 55.
Kiboko iende Ruhuhu.

"Tofauti yenyewe watu saba," nilisema.

"Saba ni saba, Mama Aidan." Huyo ni Mhandisi Egno Nchimbi, mkuu wa zamu. Ana shahada mbili na hawezi kukaa mbele ya kioo bila karanga. "Ulitaka arushe shilingi?"

"Simlaumu. Nasema tu."

Dirishani niliiona Kiboko ikiondoka gatini na kugeuka kaskazini. Ndani yake kuna nahodha, Dastan Komba, na mabaharia wawili, kwa sababu bado hakuna mashine inayojua kumtupia mtu kamba. Lakini usukani wake umefungwa kama wa vivuko vingine. Dastan anakaa mbele yake na kuutazama ukijizungusha. Amewahi kuniambia ni kama kukaa na mkwe asiyekusemesha.

Nilianza kupiga simu hospitali waandae vitanda. Nikiwa nasubiri ipokelewe nilisoma taarifa za Mbasa hadi mstari wa mwisho, ule ambao hausomwi na mtu.

Mizigo ya mkononi: kilo 1,140.

"Wanawake wa Chiwindi wamebeba nini leo?" nilimuuliza Egno. "Tani nzima ya mihogo?"

"Samaki wakavu, labda. Gulio."

"Gulio ni Jumamosi."

"Basi sijui. Leo siku gani?"

"Jumatano," nilisema.

Simu ikapokelewa upande wa pili, mtu akasema haloo, haloo, nami nikaishusha simu mezani. Jumatano ni siku ya kliniki. Kila Jumatano kina mama wa vijiji vyote vya kusini wanapanda kivuko cha asubuhi kuja kupima watoto wao uzito na kuchoma chanjo, na wanaopitwa na kile cha asubuhi wanakuja na hiki cha saa saba.

Mlangoni mwa kila kivuko kuna mizani chini ya sakafu. Kwa kila tiketi zinaondolewa kilo sabini. Kinachozidi kinaitwa mzigo wa mkononi.

Ile haikuwa mihogo.

2

Najua kwa nini Rubani hakuwaona. Mimi ndiye niliyemfumba macho.

Miaka kumi na miwili iliyopita, kabla Rubani hajatengenezwa, iliitishwa warsha Songea ya kupanga vipaumbele vya utafiti. Fedha zilikuwa za kutosha mada tano, na mada zilizopendekezwa zilikuwa kumi na sita. Wataalamu walikuwa kumi na mmoja. Mtu wa kumi na mbili nilikuwa mimi, stashahada ya usafirishaji, nimeletwa kuandika kumbukumbu. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, akasema hata mwandishi apewe karatasi zake tano za kijani abandike ukutani kwenye mada anazoziona za lazima.

Mada ya tatu ilisema: Kuhesabu watu waliomo melini kwa kamera na vipima joto, bila kutegemea tiketi.

Ilikuwa inaongoza. Ilikuwa na karatasi sita za kijani kabla ya chai. Mwenyekiti akanigeukia.

"Mama, humu ndani wewe ndiye unayepanda vivuko hivi. Wasio na tiketi huwa wangapi?"

Wote wakanitazama. Sikuwahi kutazamwa na madaktari wa hesabu kumi na mmoja kwa wakati mmoja.

Sheria ya nauli ilisema mtoto chini ya miaka mitano anapakatwa, hana tiketi. Akifika mitano analipa nusu. Kwa hiyo ziwani kwetu hakuna mtoto aliyewahi kufika mitano. Anakaa miaka minne, mwaka baada ya mwaka, mpaka miguu yake inaburuta sakafuni na mkagua tiketi anaona aibu kwa niaba ya mama yake. Jumatatu ya wiki ileile nilikuwa nimempakata Aidan wangu kutoka Lituhi. Alikuwa na miaka saba. Nilimpa maelekezo gatini: kunja miguu, ukiulizwa una minne, na usisome kitu chochote kwa sauti. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma. Alikaa safari nzima amebana midomo, anasoma "VAA BOYA LAKO" kwa macho.

Kama ningesema ukweli, zingefungwa kamera. Na kamera ikishahesabu kichwa, wiki inayofuata mtu atataka nauli ya hicho kichwa. Niliwafikiria kina mama wote wa pwani ile na vikapu vyao. Sisemi hivi nijisafishe. Nilijifikiria na mimi.

"Wachache," nilisema. "Watoto wa kupakatwa tu."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watu wawili wakaenda ukutani wakabandua karatasi zao. Baada ya chai wakabandua wengine. Mada ya tatu ikawa ya kumi na nne. Ya kwanza ikawa kivuko kufika kwa dakika iliyoandikwa, na kwa kweli vivuko vyetu havichelewi.

Ikabaki shida ndogo: hao wachache waandikwe wapi, maana uzito wao upo hata kama hawapo. Walibishana nusu saa. Mimi nilikuwa na njaa na basi langu la kurudi lilikuwa linaondoka saa kumi. Nikaandika sentensi moja na kuisoma kwa sauti: "Mtoto wa kupakatwa atahesabiwa pamoja na mzigo wa mkononi wa mzazi wake."

"Sentensi safi sana hiyo," mwenyekiti alisema. "Naomba iingie kama ilivyo."

Iliingia kama ilivyo.

3

"Mbasa, Mbasa, hapa Kituo."

"Kituo, hapa Mbasa." Mhudumu wa Mbasa ni Osmunda Hyera, binti mwenye sauti ya kukemea mbuzi. Nyuma yake nilisikia bati likigongwa na maji, na vilio. Vilio vingi vidogo.

"Osmunda, una watoto wangapi humo?"

"Wenye tiketi? Hakuna."

"Sikukuuliza tiketi."

"Mama Aidan, hii inarekodiwa?"

"Inarekodiwa. Hesabu."

"Nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwa ukiwa mkavu. Hesabu vichwa, Osmunda. Na wale wanaojifanya wana minne nao uwahesabu."

Egno alikuwa ameacha karanga. "Unafanya nini?"

Nilimwonyesha kilo 1,140. Nilimwambia siku. Sikuhitaji kumwambia la tatu. Mke wake mwenyewe ameshapanda Mbasa Jumatano na pacha wao. Uso wake ulibadilika rangi kama mtu aliyefungua friji akakuta nyoka.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Lakini hiyo ni mizigo. Imeandikwa ni mizigo."

"Najua ilivyoandikwa."

Osmunda alirudi baada ya dakika mbili na nusu. "Hamsini na nne. Kumi na tisa bado wananyonya. Maboya ya watoto yako kumi na mawili. Nimewaambia kina mama wawafunge kwa kanga mgongoni."

"Siyo mgongoni. Kifuani. Mama akielea chali mtoto awe juu."

"Nimesikia. Kituo, boti iko wapi? Hapa miamba tunaiona kwa macho."

"Nakujibu sasa hivi."

Egno alikuwa ameshaanza kubonyeza. Nampa haki yake, hakusubiri kuambiwa. Aliandika kwenye sehemu ya abiria wa Mbasa: 115. Rubani akajibu papo hapo: Idadi ya abiria haiwezi kuzidi tiketi zilizokatwa. Akajaribu kuwakatia tiketi hapohapo ofisini. Rubani akajibu: Chombo kiko safarini, tiketi zimefungwa. Akaipiga meza kwa kiganja.

"Hana mahali pa kuwaweka," alisema. "Hana hata mahali pa kuwaweka."

Shingoni mwangu, pamoja na ufunguo wa nyumba na wa stoo ya mkaa, ninao ufunguo mwekundu. Unaingia kwenye tundu chini ya meza yangu na unaifungulia Kiboko usukani. Katika miaka tisa nimeutumia mara moja, kwa majaribio, siku mheshimiwa fulani alipokuja kukata utepe.

Niliuvua. Egno akaushika mkono wangu. Hakuubana, aliushika tu.

"Subiri. Nisikilize kwanza. Ruhuhu wana watu sitini na wanane na Rubani ameshawaambia boti inakuja. Wanaitazama upande huu. Ukiigeuza hujawanyima tu. Umewanyang'anya."

"Wale ni wanaume wazima, kila mmoja ana boya lake, na nusu yao wamekulia majini. Hawa wanafungwa kwa kanga."

"Unajua hao wanaume ni akina nani? Una majina yao?"

"Sina. Wala wa Mbasa sina majina yao. Ndiyo shida yenyewe."

"Mama Aidan, Rubani akikosea ni kosa la mfumo. Tutaandika ripoti, wataunda tume. Ukigeuza wewe, kila atakayekufa Ruhuhu ni wako. Wewe, kwa jina."

"Egno, kosa la mfumo limetoka kwenye kalamu yangu. Wakifa wa Mbasa nao ni wangu. Mfumo ulinificha tu." Nilitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika ishirini na moja. "Kiboko iko dakika tisa kaskazini. Kila dakika tunayobishana inakuwa mbili, ya kwenda na ya kurudi. Niachie mkono."

Aliuachia. Sijui kama alikubali. Nafikiri alishindwa tu kupata neno la kunizuia lisilokuwa na tiketi ndani yake.

Nikazungusha ufunguo. Kengele ikalia, na maandishi yakatokea kwenye kioo, yakiwa na jina langu: Uamuzi umegeuzwa na Winfrida Kapinga. Andika sababu. Sikuandika. Nilishika redio.

"Dastan, usukani ni wako."

"Naona umelegea," Dastan alisema. Alikuwa anapumua kwa nguvu. "Kuna nini huko?"

"Geuka. Nenda Mbasa, kusini."

"Kusini? Ruhuhu ninaiona kwa mbele, Mama. Imelala ubavu. Naona watu."

"Mbasa ina watoto hamsini na nne ambao hawamo kwenye hesabu."

Nilisikia injini ya Kiboko ikipunguza mwendo.

"Leo kliniki," alisema Dastan. "Leo kliniki, na mimi nilikuwa nimekaa hapa naangalia usukani unazunguka."

Kwenye kioo niliona alama ndogo ya Kiboko ikipiga kona kali, kona ambayo Rubani asingeipiga kamwe.

4

Ruhuhu ilibidi niwaambie mimi. Egno alijitolea, nikakataa. Mtu akinyang'anywa kitu aambiwe na aliyemnyang'anya.

Mhudumu wao anaitwa Kandidus Haule, fundi wa zamani wa injini. Alipokea kwa haraka. "Kituo, boti imegeuka. Tumeiona imegeuka. Ina hitilafu?"

"Haina hitilafu. Nimeigeuza mimi. Inakwenda Mbasa."

"Rubani amesema inatufikia saa nane na thelathini na saba."

"Rubani amesema. Mimi nasema haiji."

Nilisikia mtu nyuma yake anauliza anasemaje, anasemaje huyo. Kandidus akamkatiza.

"Sababu?"

"Watoto hamsini na nne. Hawana tiketi, kwa hiyo hawakuhesabiwa."

Nilisubiri matusi. Niliyataka, nadhani. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikumbusha kitu, "Ni Jumatano leo."

Hata yeye alijua. Dastan alijua, Egno alijua, muuza karanga pale nje ya geti alijua. Ziwa zima lilijua kwamba Jumatano kivuko cha kusini kinajaa watoto, na tulikuwa tumempa usukani mtu pekee asiyejua, tukakaa pembeni tukitoa sawa.

"Tufanye nini?" Kandidus aliuliza.

Hilo nililiweza. "Maboya yote yavaliwe sasa, yafungwe mpaka chini. Chukua kamba ya gatini, wafunge kiunoni kumikumi. Panda nao upande ulioinuka. Msisubiri ipinduke, itawafunika. Ikifika maji kwenye dirisha la kantini mnaruka wote, na mnaogelea kuiacha. Kandidus, umenipata?"

"Nimekupata. Dirisha la kantini."

"Naleta mitumbwi ya injini."

"Ipi? Rubani haonyeshi chombo chochote hapa karibu."

"Na yenyewe haimo kwenye hesabu," nilisema.

Nikachukua simu yangu ya mkononi nikampigia mwenyekiti wa kijiji cha kwanza, kisha cha pili, kisha mama mmoja anayeuza petroli kwa madumu ambaye ana nguvu kuliko wenyeviti wote wawili. Mitumbwi ile haijasajiliwa, haina vitambulisho, na mara nyingi tunaikimbiza. Haiwezi kuvuta kivuko kutoka kwenye mwamba, lakini mtu anayeelea inaweza kumwokota. Yule mama aliniuliza kitu kimoja tu, kama nitawakamata wakirudi. Nikamwambia hapana. Akakata simu. Baadaye nilisikia ilitoka mitumbwi kumi na minne.

Kwenye kioo hakukuwa na hata mmoja. Ziwa lilionekana tupu.

Saa nane na dakika hamsini na tano Kiboko iliifikia Mbasa. Kamba ya kwanza ilikatika. Osmunda alikuwa ameacha redio wazi na nikasikia kila kitu: Dastan akifoka, mabaharia wakihesabu moja mbili tatu, mwanamke akisema jina moja mfululizo, Benigna, Benigna, Benigna. Kisha mlio wa chuma kwenye jiwe, mrefu. Egno aliziba masikio. Mimi sikuziba, maana ilibidi nisikie kama kuna mlio wa pili.

Haukuja. Kamba ya pili ilishika.

"Imetoka," alisema Osmunda. Halafu akaanza kulia kwa ile sauti yake ya kukemea mbuzi, na sikumnyamazisha.

Dakika tatu baadaye alama ya Ruhuhu ilizimika. Haikuwaka nyekundu zaidi wala haikupiga kengele. Ilizimika tu. Rubani akaandika: Chombo hakipo. Nikaita Kandidus, Kandidus, Ruhuhu, Ruhuhu. Nikaendelea kuita mpaka Egno akaja akanitoa redio mkononi.

5

Gatini tuliweka meza mbili. Mwera ulikuwa umeacha, jua linawaka kana kwamba upepo haukuwapo mchana ule. Ofisi kuu ilikuwa imetuma ujumbe: yaandaliwe majina ya waliookolewa, kamili, kabla ya saa kumi na mbili. Taarifa ya Rubani yenyewe ilikuwa imeshatoka. Ilisema hivi kuhusu Mbasa: Waliookolewa 61. Mizigo ya mkononi haikupotea.

Nilimwambia Egno aihifadhi, isifutwe na mtu.

Kina mama walikuwa wamejipanga, wamelowa, wengine bado wamefungwa watoto vifuani kwa mafundo ambayo yaligoma kufunguka. Niliandika kwa mkono. Jina la mtoto, umri, kijiji, aliyempakata. Hakuna aliyewahi kuwaandika watu hawa mahali popote wakiwa safarini, na walisema majina taratibu, kama wanamfundisha mgeni. Benigna alikuwa na miezi mitano. Alikuwa amelala.

Walipofika kama arobaini niliona kitu. Miaka minne. Miaka minne. Miaka mitatu na nusu. Miaka minne. Nikainua macho. Mbele yangu mtoto wa kiume alikuwa amepakatwa na mama yake, miguu inafika magotini mwa mama, meno mawili ya mbele yameng'oka.

"Ana miaka mingapi?" niliuliza.

"Minne," mama alisema.

"Saba," mtoto alisema.

Mama akamfinya, wala hata hakutazama anapomfinya. Mkono ulikwenda wenyewe. Niliujua mkono ule.

Kabla sijamjibu watu walipisha njia na Kandidus Haule akaja mezani. Alikuwa na blanketi la hospitali mabegani na jeraha kwenye paji la uso. Nilisimama. Sikujua kama atanipiga, na kama angenipiga nisingemzuia.

"Kituo ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Tulitoka sitini na watatu, na mimi wa sitini na nne. Mitumbwi ilituwahi. Kundi moja kamba yao ilinasa kwenye nguzo. Watano wa mwisho hawakuweza kujifungua. Mimi ndiye niliyewafunga. Wewe ulisema tufunge."

"Nilisema mimi."

"Nataka uwaandike hapa. Na hawa. Siyo karatasi nyingine."

Nikakaa, nikashika kalamu. Akanitajia, na nikaandika chini ya watoto, kwenye safu zilezile. Dominikus Ngonyani. Erneus Millinga. Batholomeo Nombo. Festo Kinunda. Aloyce Mbele. Kwa kila mmoja alitaja umri. Aloyce alikuwa na ishirini na mbili. Safu ya mwisho ilisema aliyempakata, na kwa hao watano niliiacha wazi, kisha nikaona siwezi kuiacha wazi, nikaandika: Kituo.

Kandidus alisoma. Alivuta blanketi akakaa chini kwenye kamba za gatini, mgongo kwetu, akitazama maji.

Yule mama mwenye mtoto wa saba alikuwa bado amesimama. Alikuwa amesikia yote. Alimshusha mtoto, akamsimamisha chini kwa miguu yake.

"Saba," alisema. "Ametimiza saba mwezi wa tatu. Anaitwa Egidi."

Nikafuta minne, nikaandika saba.

Nyuma yake foleni ikajigeuza. Waliokuwa wameshaandikwa, waliokuwa wameshafika kwenye chai kule kwenye turubai, walianza kurudi mezani mmoja mmoja, wameshika watoto mikono. Wangu andika sita, mama. Wangu ana minane, ni mfupi tu, ni ufupi wa ukoo wao. Huyu na huyu siyo pacha, huyu mkubwa. Hakuna aliyecheka. Nilifuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka sehemu mbili. Egno alikuja na karatasi nyingine, akasimama nyuma yangu, na nikasikia anasoma majina kwa kunong'ona.

"Rubani bado anasubiri sababu," aliniambia walipokwisha. "Ya kugeuza. Inatakiwa kabla ya saa kumi na mbili. Mistari mitatu tu."

"Utapiga picha orodha hii na kuituma ilivyo."

"Haitaingia yote."

"Basi ishindwe kuingia. Wataiona imeshindwa."

Kulikuwa na nafasi moja imebaki chini kabisa. Nikaandika: Aidan Mapunda. Miaka saba. Lituhi hadi Mbamba Bay, wiki ya warsha. Hakuwa na tiketi. Aliyempakata: mimi.

Nikatia sahihi, nikampa.